Mrija Mmoja Uliobaki

Watu wa Majengo, Mpanda mjini, walimjua Lusia kwa maziwa yake. Wauzaji wengine waliongeza maji, tena bila aibu. Maziwa ya Lusia yaliganda vizuri na kutoa mtindi mzito. Kila asubuhi alitoka kijijini kwao Mwamkulu kwa baiskeli, madumu mawili yamefungwa nyuma, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nesi Mwanahija, mkunga wa hospitali. Hapo alikunywa chai, wakapiga soga kidogo, ndipo akarudi nyumbani.

Mwaka huo wa 1998 Lusia alikuwa na miaka ishirini na sita. Mumewe, Manyanda, alikuwa mtu mpole na mchapakazi. Ng'ombe walikuwepo. Mpunga ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtoto, na jambo hilo lilimkaa Lusia rohoni kila siku.

Miaka mitatu nyuma alipata mimba. Haikufika mbali. Ilitunga nje ya mji wa mimba, ndani ya mrija wa uzazi wa kulia. Mrija ukapasuka. Lusia alifikishwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, hajitambui. Madaktari walimpasua, wakautoa mrija ulioharibika, wakamwongezea damu. Alipona. Siku ya kuruhusiwa, Nesi Mwanahija alimshika mkono.

"Lusia, umebakiwa na mrija mmoja," alimwambia. "Siku ukikosa hedhi, usikae. Njoo mapema tukupime."

Lusia aliitikia. Kuitikia ni rahisi. Kutenda ndiyo kazi.

Mwezi wa tano ulipoanza, hedhi ya Lusia haikuja. Alihesabu siku mara tatu, kisha akamfuata mama mkwe wake jikoni. Mama huyo aliitwa Theopista. Familia yao ilitoka Shinyanga na mifugo miaka mingi iliyopita, na pale nyumbani mama bado aliitwa mayu, kama Wasukuma wasemavyo.

"Mwangaluka, mayu," Lusia alisalimu.

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona unatetemeka?"

"Mayu, sijaona siku zangu. Wiki mbili sasa."

Mayu Theopista aliweka ungo chini. Alifungua kinywa apige vigelegele, kisha akajiziba kwa mkono.

"Nyamaza kabisa," alinong'ona. "Mimba changa haitembezwi barabarani. Watu wana macho mabaya."

"Na nesi je? Alisema niende mapema."

"Nesi naye ana mdomo. Tumbo likionekana, hapo utaenda kliniki na kadi yako."

Ndivyo walivyofanya katika ukoo ule. Mwanamke alificha mimba mpaka tumbo lenyewe liseme. Mayu Theopista alificha zake zote saba, na watoto saba walizaliwa. Hakuona sababu ya mkwewe kufanya vingine. Lusia naye hakutaka kumvunjia heshima, akanyamaza.

Siku ya nne baada ya mazungumzo hayo maumivu yalianza chini ya tumbo, upande wa kushoto. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Kisha Lusia akaona matone ya damu nyeusi. Mayu Theopista alichemsha mizizi, akampa kikombe kizima.

"Hilo ni chango tu," alisema. "Kunywa. Litatulia."

Chango! Neno hilo limezika wanawake wengi. Kila tumbo la mwanamke likiuma, tunaliita chango, tunachemsha mizizi, na huku ndani hatari inakua. Mayu Theopista alikuwa na moyo mzuri. Lakini moyo mzuri hauoni kilichomo ndani ya tumbo.

Alhamisi asubuhi Lusia alipeleka maziwa kama kawaida. Alipofika kwa Nesi Mwanahija, alishusha dumu, akajikunja na kushika ubavu. Nesi alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Alimtazama mara moja tu, akaweka pochi yake chini.

"Lusia, unaumwa wapi?"

"Ni chango, nesi. Litapita."

"Sikukuuliza jina lake. Nimekuuliza wapi."

Lusia alionyesha upande wa kushoto. Nesi alimkalisha kwenye kiti.

"Hedhi yako ya mwisho lini?"

Lusia alitazama chini. Aliyakumbuka maneno ya mama mkwe. Alikumbuka pia mkokoteni, na giza lililomfunika siku ile mrija ulipopasuka. Hatimaye machozi yakamtangulia.

"Imechelewa wiki tatu, nesi. Na damu inatoka kidogo kidogo. Niliambiwa nisiseme."

"Umesema sasa, na umefanya vizuri sana," Nesi Mwanahija alijibu. Hakumgombeza. "Acha madumu hapo. Twende hospitali sasa hivi."

Pale hospitali palikuwa na daktari mpya wa akina mama, Daktari Nathanael. Alikuwa ametoka kusoma Mwanza, na alikuja na mambo aliyojifunza huko. Alimpima Lusia mkojo. Mimba ilikuwepo. Kisha akamlaza kitandani, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kipimo cha mashine ya picha. Alitazama muda mrefu.

"Mji wa mimba ni mtupu," alisema taratibu. "Mimba iko kwenye mrija wa kushoto."

Lusia alijiona kama ameangushwa kutoka juu. Mrija wa kushoto ndio huo huo mmoja uliobaki. Wakiutoa, basi. Hatazaa tena maisha yake yote.

"Basi nimekwisha," alisema, akalia kwa sauti. "Mtanipasua, mtautoa, na mimi nitakuwa jiwe nyumbani kwa watu."

"Ngoja kwanza," Daktari Nathanael alisema. "Sijasema nakupasua. Safari ile mrija ulikuwa umepasuka na damu imejaa tumboni. Hapo hakuna njia nyingine, upasuaji ndio unaookoa maisha. Leo umekuja mapema. Mrija haujapasuka. Mimba ni ndogo, haifiki sentimita mbili, na moyo haujaanza kupiga. Presha yako ni nzuri. Kwa mtu kama wewe ipo njia ya dawa."

Lusia aliinua uso. "Dawa? Bila kisu?"

"Bila kisu. Lakini ina masharti, na lazima nyote mnaokuhudumia muyaelewe. Nani yuko nyumbani?"

Nesi aliwatumia ujumbe Mwamkulu. Adhuhuri Manyanda alifika anahema, mama yake amekaa nyuma ya baiskeli. Daktari aliwakalisha wote kwenye benchi.

"Mimba iliyo kwenye mrija haiwezi kuwa mtoto," alianza. "Mrija ni mwembamba, kama kile kibomba cha wino ndani ya kalamu. Mimba ikiendelea kukua mle, mrija unapasuka, mama anavuja damu ndani kwa ndani. Anaweza kufa siku hiyo hiyo."

"Haiwezi kuteremka yenyewe mahali pake?" Manyanda aliuliza.

"Hapana, ndugu yangu. Ikishajishika, haihami. Wala hakuna mkono unaoweza kuihamisha."

"Sasa hiyo dawa inafanya nini?"

"Inazuia mimba isiendelee kukua. Ikishaacha kukua, mwili wenyewe unaiyeyusha kidogo kidogo. Mrija unabaki. Dawa hiyo inaitwa methotrexate. Hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani, lakini kwao huwa nyingi zaidi."

"Saratani!" Mayu Theopista alisimama. "Mwanangu hana saratani! Nyie mnataka kumfanyia majaribio."

"Kaa, mama," Nesi Mwanahija alisema kwa upole. "Hata mimi niliuliza hivyo hivyo nilipoisikia. Kisu cha jikoni kinakata nyama, kinakata na vitunguu. Dawa moja nayo inaweza kufanya kazi mbili."

Manyanda alimgeukia mkewe. "Wewe unasemaje? Mwili ni wako."

Lusia alifuta macho. Sauti ilitoka imara.

"Mimi nataka dawa. Nataka mrija wangu ubaki."

Damu yake ilichukuliwa siku ile ile. Hospitali ilipima figo, ini na wingi wa damu, kwa sababu mwenye ini au figo mbovu hapewi dawa hii. Kipimo kimoja hakikuwezekana Mpanda. Ni kile kinachoonyesha kiwango cha homoni ya mimba katika damu. Damu hiyo ilipanda ndege ndogo ya wamisionari, iliyotua Mpanda kila Jumatatu na Alhamisi, ikapelekwa Mwanza. Jibu lilirudi kesho yake kwa redio ya upepo. Kiwango kilikuwa elfu moja na mia nane. Daktari akasema dawa inafaa.

Ijumaa hiyo Lusia alichomwa sindano moja kwenye msuli. Ilikwisha kabla hajamaliza kukunja uso.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," nesi alicheka. "Ulitaka tukuchome mkuki?"

Kisha Daktari Nathanael alimpa masharti. Lusia na Manyanda walisikiliza. Mayu Theopista alikuwa amekwisha kurudi Mwamkulu kuangalia ng'ombe. Kumbuka hilo, msomaji, maana litatugharimu.

"Usirudi Mwamkulu kwa sasa," daktari alisema. "Kaa karibu na hospitali. Tumbo likiuma sana ghafla, ukisikia kizunguzungu, ukizimia au bega likiuma, njoo mbio, hata kama ni saa ngapi. Hapo tutapasua bila kungoja. Usibebe mizigo. Usinywe pombe. Usikae juani. Kwa maumivu tumia panadol peke yake. Msikutane kimwili mpaka niseme. Na usimeze vidonge vya kuongeza damu wala foliki asidi."

"Vile vya njano vya kliniki?" Lusia aliuliza.

"Hivyo hivyo. Kwa mimba iliyo mahali pake ni vizuri sana. Kwako sasa ni sumu kwa matibabu."

Nesi Mwanahija alimpa chumba nyumbani kwake Majengo. Manyanda alipeleka maziwa mwenyewe, na wateja walimcheka alivyoyamwaga kwenye ngazi zao. Mayu Theopista alikuja kila asubuhi na chupa ya uji wa ulezi. Alikaa pembeni mpaka Lusia ameunywa.

Jumatatu, siku ya nne, damu ilipelekwa tena. Kiwango kilipanda hadi elfu mbili na mia mbili. Lusia alishtuka.

"Usiogope," daktari alimwambia. "Siku ya nne mara nyingi hupanda. Tunachotazama ni siku ya saba. Kati ya siku hizo mbili lazima kishuke vya kutosha."

Alhamisi damu iliondoka. Ijumaa wote walikusanyika kwenye chumba cha redio pale hospitali. Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, kisha sauti ya Mwanza ikasikika. "Mgonjwa wenu Lusia, elfu mbili na mia moja. Umenipata? Ova."

Daktari Nathanael alikunja uso. "Kimeshuka kidogo mno," alisema. "Dawa imefanya kazi, lakini kuna kitu kinaipinga. Lusia, umemeza nini?"

"Sijameza kitu, daktari. Naapa. Panadol mbili tu."

"Umekula nini?"

"Chakula cha nesi. Na uji wa mayu."

Nesi Mwanahija alisimama, akaenda nyumbani, akarudi na chupa ya uji. Alimimina uliobaki kwenye bakuli. Chini kabisa palikuwa na chembe za njano. Wote walimgeukia Mayu Theopista, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Mama, hizi ni nini?" nesi aliuliza.

Mayu Theopista alitazama bakuli, kisha akamtazama mkwewe.

"Ni vidonge vya damu," alisema. "Binti yangu mdogo alipewa kliniki, akabakiza. Nilimwona Lusia amepauka. Nikasaga, nikatia kwenye uji. Hapendi kumeza vidonge, nikaona nisimsumbue. Nimefanya vibaya?"

Lusia alisikia hasira ikimpanda, kisha akaiona ile chupa ya uji aliyoletewa kila asubuhi, na hasira yote ikaisha. Alikwenda kukaa karibu naye.

"Kosa ni langu pia, mama," Daktari Nathanael alisema. "Niliwaeleza wawili, nikamsahau anayepika. Sikiliza. Mimba changa inahitaji foliki asidi, iliyomo ndani ya vidonge hivi, ili ikue. Dawa yetu inaizuia isiipate. Sisi tulikuwa tunazima moto, wewe unaongeza kuni, bila kujua."

"Nimemharibia mwanangu!" Mayu Theopista aliangua kilio.

"Hujaharibu. Mrija haujapasuka. Anaweza kupata sindano ya pili. Ila kuanzia leo, kitu chochote kabla hakijaingia kinywani mwake, niulize."

Mayu Theopista alifungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge vyote vilivyobaki, akamkabidhi nesi mkononi.

Lusia alipimwa upya kwa mashine, kisha akachomwa sindano ya pili. Siku tatu baadaye tumbo lilimuuma kwa nguvu akiwa anakunja nguo. Hakusema ni chango. Hakusubiri. Alimwita nesi, na ndani ya dakika kumi alikuwa kitandani hospitali, presha inapimwa. Mashine ya picha haikuonyesha damu tumboni. Daktari alieleza kwamba maumivu ya namna hiyo huja wakati mimba inaachia, lakini mgonjwa hawezi kujipima mwenyewe. Lazima aje aonekane. Alilazwa siku mbili, yakatulia.

Alhamisi iliyofuata damu ilipelekwa. Ijumaa redio ilikoroma tena.

"Elfu moja na mia tatu. Ova."

"Rudia," daktari aliomba.

"Elfu moja na mia tatu! Imeshuka, daktari!"

Manyanda aliketi chini sakafuni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka. Wiki iliyofuata ilikuwa mia sita. Kisha mia mbili na kumi. Kisha sitini. Kila Ijumaa chumba kile kidogo kilijaa. Hata mfua nguo wa hospitali alikuja kusikiliza namba za Lusia. Mwisho, mwezi wa saba mwanzoni, sauti ya Mwanza ilisema namba moja tu.

"Tatu."

"Mia tatu?" Mayu Theopista aliuliza kwa hofu.

"Tatu peke yake, mama," Daktari Nathanael alijibu, naye anatabasamu kwa meno yote. "Imekwisha. Amepona. Na mrija wake anao."

Lusia alimkumbatia mama mkwe. Walilia wote wawili, na safari hii yalikuwa machozi ya furaha.

Daktari aliwaambia wasubiri miezi mitatu mizima kabla ya kutafuta mimba, ili dawa iishe kabisa mwilini. Walisubiri mitano. Mayu Theopista ndiye aliyehesabu, kwa alama za mkaa ukutani, na Manyanda akiziona alikuwa anatoka nje kwa aibu.

Januari ya mwaka 1999 hedhi ya Lusia ilichelewa siku tano. Kabla hajasema kitu, Mayu Theopista alikuwa amekwisha kuvaa kitenge kizuri.

"Amka twende," alisema. "Mimba yako haingoji tumbo lionekane."

Njiani jirani mmoja aliwauliza wanakwenda wapi asubuhi yote hiyo.

"Hospitali!" Mayu Theopista alijibu. "Kumpima mkwe wangu!"

Mkojo ulionyesha mimba. Daktari aliwaambia ni mapema mno kwa picha, warudi baada ya wiki mbili, na maumivu yakija warudi siku hiyo hiyo. Walirudi. Lusia alilala kwenye kile kitanda, mafuta ya baridi tumboni, roho mkononi. Hakuthubutu kutazama kioo cha mashine. Alitazama uso wa daktari tu.

"Lusia," Daktari Nathanael alisema. "Geuka uone. Hiki hapa ni kizazi chako. Na hiki kidoa kinachochezacheza ndani yake ni moyo. Imetunga mahali pake."

Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, kilo tatu na robo. Nesi Mwanahija alimpokea kwa mikono yake, akamlaza kifuani kwa mama yake. Lusia alimhesabu vidole vyote, mikono na miguu, akaanza tena mwanzo. Alijisikia ameshinda. Nje, Manyanda, ambaye hata kwenye harusi yake hakucheza, alicheza peke yake uani mpaka kofia ikamdondoka.

Mayu Theopista alisimama mlangoni mwa wodi. Akavuta pumzi, akapiga vigelegele vilivyofika mpaka getini. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, punguza sauti. Wagonjwa wamelala."

"Waamshe," Mayu Theopista alisema. "Wote wasikie."